Kompyuta ya Baba Inapozima

Kitambaa kilikuwa cha moto. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Adelfina, mchana mmoja alipokiinua ili apanguse meza. Alikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, kikubwa, chenye maua pembeni, kikafunika boksi la kompyuta na kuning'inia mpaka nyuma. Sasa kilikuwa na joto la nguo aliyovuliwa mtoto mwenye homa. Akakikung'uta vumbi, akakirudisha mahali pake. Hakumwambia mtu. Na angemwambia nani? Nyumba ile ya kijijini Mugoma ilikuwa na watu wawili tu, yeye na baba yake, na hao wawili walikuwa hawajazoeana.

Ugomvi hawakuwa nao. Mzee Juvenali alikuwa wakala wa forodha kule mpakani Rusumo tangu Adelfina hajazaliwa, akija nyumbani mwisho wa mwezi na mkate na sukari, kesho yake anaondoka. Adelfina alikuwa darasa la tano mama yake alipougua, akaacha shule ili amuuguze. Mama alipofariki, kaka zake Adelfina walikuwa wameshahamia Mwanza. Kisha kampuni ya baba ikafunga ofisi, naye akarudi na goti bovu na kompyuta ya zamani waliyomwachia. Akawa kama mgeni asiyeondoka.

Kutwa alicheza karata kwenye hiyo kompyuta. Adelfina akipika, akitenga, akisema, "Karibu chakula, baba," alijibiwa, "Haya." Kuna siku hilo "haya" lilikuwa ndilo neno pekee aliloambiwa na mtu tangu jua lichomoze. Yeye mwenyewe hakuwa mwepesi wa kusema. Hata kanisani, akiulizwa habari za nyumbani, alitazama vidole vya miguu yake.

Halafu kompyuta ikaanza kuzima.

Ilizima ghafla, kioo kikawa cheusi tii, kisha ikajiwasha yenyewe polepole, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini na hajui alipo. Karata zote zilikuwa zimepotea.

"Adelfina!"

"Abee, baba."

"Njoo uone huyu shetani! Nilikuwa nakaribia kumaliza!"

Baba alidhani ni umeme. Wakatazama taa ya sebuleni. Ilikuwa inawaka, haififii. Basi itakuwa waya. Kwa kuwa goti halikumruhusu kuinama, Adelfina ndiye aliyeingia uvunguni mwa meza.

"Bonyeza huo mnene. Huo mwingine. Aa, siyo huo, mama, huo ni wa redio!"

Mama. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Adelfina alikaa chini ya meza kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Mashine ile ilikuwa nzito kuamka, nao wakaisubiri pamoja, yeye kwenye kigoda, baba kwenye kiti. Na baba, kwa kuwa hakuwa na karata mbele yake, akaanza kuzungumza.

"Kule Rusumo kulikuwa na dereva mmoja Mrundi, Nizigiyimana. Makaratasi yake yalikwama mpaka kuku aliyembeba akataga mayai kwenye sanduku la spana, akayaatamia. Siku moja akaniuliza, 'Mzee, vifaranga hawa nao nitawalipia ushuru?'"

Adelfina akacheka, amejiziba mdomo kwa kanga. Baba akageuka.

"Kumbe na wewe unacheka!"

Kioo kikawaka. Baba akarudia karata zake.

Tangu hapo Adelfina alichambua maharage nje, karibu na dirisha la sebule. Alishajua kwamba kabla ya kuzima, feni ya ndani hunguruma. Akiisikia inanguruma, alinawa mikono, akajifuta, akakaa tayari. Zikafuata habari za lori lililobeba vitanda vya chuma, za afisa aliyeogopa kinyonga, na za mama yake alipokuwa msichana, jinsi alivyokataa barua za baba mpaka baba alipokuja mwenyewe kwa miguu. Habari zote zilikatika kioo kilipowaka. Adelfina hakuwahi kuuliza ziliishaje.

Ila kompyuta ikazidi kuharibika, ikawa haimalizi hata mchezo mmoja, na baba akachoka. "Keshokutwa anakuja fundi," alisema. Adelfina akajibu, "Sawa, baba," akaenda jikoni akasahau alichofuata.

Fundi aliitwa Sabiti, kijana mwenye duka Ngara mjini. Alifika kwa pikipiki, kofia yake ya baraghashia imekuwa nyekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgonjwa huyo hapo."

"Anazimia akiamka tu, au baada ya muda?"

"Muulize huyu binti, ndiye muuguzi wake."

"Baada ya muda," Adelfina akasema, akitazama sakafu. "Mchana ndiyo zaidi."

Sabiti akabadilisha waya, akajaribu soketi nyingine. Ikazima vilevile. Akaweka mkono juu ya boksi, akautoa haraka, akaangua kicheko.

"Nani kaivalisha sweta? Mzee, mashine inapumulia hapa juu na hapa nyuma, nanyi mmeifunika gubigubi kama bibi harusi! Ikizidi joto inajizima isiungue."

Uso wa Adelfina ukawaka.

"Usimcheke binti yangu," baba akasema. "Hata redio ina kitambaa. Kitu cha heshima kinafunikwa."

"Nasema tu, mzee. Kifunikeni kikiwa kimelala."

Akafungua boksi, akatoa vumbi kwa brashi, akapaka dawa ya kupoza joto, akafunga. Kompyuta ikawaka, na haikuzima tena.

Haikuzima kesho yake, wala juma lililofuata. Maharage yalichambuliwa yakaisha, na dirishani ulitoka mlio wa kipanya tu, tik, tik. "Karibu chakula, baba." "Haya." Siku moja, baba akiwa ameketi hapohapo anacheza, Adelfina alikitoa kitambaa kabatini, akasimama nacho nyuma ya mlango. Alimwona baba akitabasamu peke yake, kwa kuwa karata zilikuwa zinakubali. Akakirudisha kabatini. Hakuweza kumfanyia hivyo.

Lakini na kuondoka pale mlangoni hakuweza pia. Alirudi akasimama. Baada ya muda baba akahisi kivuli, akageuza shingo.

"Kuna nini?"

"Hakuna, baba."

"Chumvi imeisha?"

"Hapana."

"Mafuta ya taa?"

"Baba, si tuna umeme?"

"Haya, sasa?" Baba akaachia kipanya. "Umesimama kama unadai. Sema."

Angeweza kusema amekuja kuchukua sahani. Sahani ilikuwapo, karibu na kiwiko cha baba. Adelfina aliitazama hiyo sahani, kisha, bila kujua miguu imempelekaje, akawa katikati ya chumba, mikono imeshika pindo la kanga.

"Baba," alisema, "mimi nilikuwa naombea izime. Ilipozima, ulikuwa unaniita."