Paa Chini ya Godoro

Kwa miezi mingi, mimi na mume wangu tulilala juu ya paa la nyumba ya mtu mwingine. Sitanii. Kitanda tulikiuza, godoro tukalitandika juu ya mabati, na kila tulipopata bati jingine tuliliinua godoro, tukaliingiza bati chini yake, tukalala juu kidogo kuliko jana. Kuna watu ambao deni huwanyima usingizi. Sisi letu tulililalia.

Mwenye paa ni Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama mkwe wangu. Ni mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwaita watoto wa shule nzima waje kula, na hata akikunong'oneza jambo majirani humjibu. Alikuwa amejijengea vyumba viwili kwa matofali mabichi. Kuta zimesimama, milango ipo, na fedha ya mabati ameshaifunga kwenye pindo la kitambaa. Hapo ndipo mwanangu alipoamua kuzaliwa kabla ya wakati wake.

Alizaliwa na kilo moja na kitu kidogo ambacho muuguzi alikitaja kwa huruma tu, na mpaka leo tunamwita Kilo. Wakamweka kwenye lile sanduku la joto, na kila siku aliyokaa humo ilikuwa na bei yake. Mume wangu ni kinyozi, mimi napiga pasi nguo za watu. Hata tungewanyoa na kuwapigia pasi mji mzima, tusingeifikia bei ile. Mama Mdogo akaja hospitali asubuhi na aproni yake ya jikoni, akamtazama Kilo kupitia kioo, akatoka kwenye korido, akaanza kufungua fundo.

"Mama Mdogo, hiyo si ya mabati?" mume wangu akamwuliza.

"Ya mabati ndiyo. Kwani bati lina haraka gani? Lenyewe halipumui." Akamwekea mkononi. "Nenda kalipe, usinisimamie hapa kama mlingoti."

Hakuandika popote, hakutaja tarehe. Kilo akaongezeka, akatolewa kwenye sanduku, akaja nyumbani akilia kama mtu mwenye malalamiko ya miaka mingi. Nilimshukuru Mungu kwa kila kelele yake.

Lakini matofali mabichi hayajui ukarimu. Mvua za mwaka ule zilipofika tulifunika kuta kwa nailoni na mawe, na bado chumba cha pili kikalika juu, kona moja ikayeyuka kama sukari. Mama Mdogo aliendelea kulipa kodi ya chumba cha watu huku nyumba yake ikilowa. Mtu yeyote anayejua ujenzi alituambia neno moja: masika mengine bila paa, hapatabaki nyumba, patabaki tope. Kwa hiyo hata kama yeye hakutupa tarehe, mvua ilikuwa imetupa.

Mwanzoni tulijaribu kuweka fedha kwenye kopo. Ah, kopo! Fedha ikishajua kwamba iko nyumbani, na nyumba nayo inajua. Gesi itaisha siku hiyo hiyo. Sabuni itaisha. Kilo atakohoa, mwenye nyumba atapita kusalimia, na salamu za mwenye nyumba unazijua. Mara tatu kopo lilijaa nusu, na mara tatu nilikuta chini yake pana sarafu zinazonicheka. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo najivunia, ingawa lilitaka kutuua. Bati haliliwi. Bati halinunui sabuni. Tukipata bei ya bati moja tu, tulinunue siku hiyo hiyo kabla hatujafika nyumbani.

Mimi ni mtu wa hasira, nakiri, na hakuna binadamu anayenikasirisha kuliko bei. Nilikuwa natoka duka moja hadi jingine kutafuta bati la bei nafuu. Leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule mwenye duka jipya, mara nyingine kwa jamaa aliyekuwa anafunga biashara na anataka kumaliza stoo. Nilibishana mpaka wauzaji wakawa wakiniona kwa mbali wanajifanya wanahesabu misumari. Nilirudi nyumbani mshindi, bati kichwani, natembea kama bibi harusi.

Nyumbani tulibana matumizi mpaka matumizi yakalia. Chai ikawa ya rangi, kisha ikawa ya rangi hafifu. Nguo za wateja nilizipiga pasi mchana wa jua kali, ili jioni tuwashe taa moja tu. Mume wangu alijinyoa mwenyewe kwa kioo na kutoka na kichwa chenye ramani, akisema ni mtindo mpya. Na watu walitubeba, sitaki kuficha. Muuza mboga alikuwa akinifungia fungu, kisha anatupia mkono mwingine wa mboga juu na kutazama pembeni, kana kwamba mkono umemponyoka. Mteja mmoja wa pasi alianza kuleta mashuka ambayo yalikuwa yameshanyooka. Niliona, nikanyamaza, nikayapiga pasi vizuri kuliko mashuka yote ya maisha yangu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua: godoro. Kadiri mabati yalivyoongezeka, ndivyo lilivyozidi kuwa na matuta.

"Mgongo unaniuma upande mmoja tu," mume wangu alikuwa akilalamika. "Kama nimelalia ngazi."

"Ni uzee huo."

"Uzee wa upande mmoja?"

"Ulale ugeuke, uzeeke pande zote."

Basi mabati yakatimia, hesabu ile ile aliyotupa fundi wa paa, na mbao Mama Mdogo alikuwa nazo tangu zamani. Mawingu yalishaanza kujikusanya kila alasiri. Tukakodi mkokoteni Jumamosi asubuhi, tukapeleka deni letu lote likipiga kelele barabarani, na mimi nyuma yake na Kilo mgongoni, furaha tele. Mama Mdogo alitupokea kwa vigelegele ambavyo nadhani vilisikika shuleni kwake.

Fundi wa paa alikuwa mtu mwembamba aliyezoea kuongea na misumari mdomoni. Alikuwa ameshapigilia mbao, ili paa lote liwe moja, likiteremkia nyuma. Akachukua bati la kwanza, akalilaza. La pili, akalilaza. La tatu akaliweka, akaliinua, akaliweka tena. Akatoa misumari mdomoni moja moja, na nikajua pana jambo.

"Nani aliyenunua haya?"

"Mimi," nikasema kwa fahari.

"Dukani kwa nani?"

"Kwa wengi. Popote palipokuwa na nafuu."

Akashuka. Akayapanga mabati mawili chini mbele yangu, akanionyesha kwa kidole, polepole, bila dharau. Hili lina migongo mipana. Hili lina migongo midogo. Bati hulala juu ya mwenzake, mgongo ndani ya mgongo, ndipo maji yapite. Haya mawili hayawezi kulala pamoja. Ukiyalazimisha, kila ungio ni bomba la maji ndani ya nyumba.

Mume wangu akanitazama, akajishika mgongo upande ule ule mmoja.

"Yauzeni nusu, mnunue ya aina moja," fundi akasema. "Ila bati lililokwisha kunyanyuliwa dukani, mtapata nusu ya bei."

Nusu ya bei maana yake ni miezi mingine mingi ya chai hafifu, na mvua ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Nilikaa chini kwenye rundo la mchanga. Ule ujanja wangu wote, kubishana kwangu kote! Ningeacha kubana senti, nikanunua yote kwenye duka moja kama watu wengine, leo kuta hizi zingekuwa na kofia. Nililia mbele ya watu, mimi ambaye sipendi hata kupiga chafya mbele ya watu.

"Samahani, Mama Mdogo," nikasema. "Nimekuangushia nyumba."

Yeye alikuwa ameinama, anayagawa mabati. Mapana huku, madogo huku. Kazi ya mpishi, kama anachambua mchele. Alipomaliza akajishika kiuno.

"Fundi, vyumba si viwili?"

"Viwili."

"Na mabati si aina mbili?"

"Mbili, mama. Lakini paa ni moja. Katikati lazima yakutane."

"Yakutane kwa nini? Hata watu wasioelewana hukaa nyumba moja, kila mtu na chumba chake."

Fundi akatembea mpaka chumba cha pili, kile kilicholika na mvua, akapapasa juu ya ukuta. Matofali ya juu yalimeguka mikononi mwake. Akaanza kucheka peke yake.

"Haya ya juu yameshakufa," akasema. "Tukiyatoa, chumba hiki kinakuwa kifupi. Paa lake linaingia chini ya paa la kile, kama ngazi. Hayakutani popote."

Hatukungoja aseme mara mbili. Mume wangu akapanda ukutani, tukayatoa matofali yaliyooza, fundi akang'oa mbao za upande ule na kuzishusha. Mama Mdogo alimfunga Kilo mgongoni kwake na bado akawa anabeba matofali, akinikemea mimi kwamba nabeba mawili mawili kama mgeni. Saa ya chakula ilipita na hakuna aliyeitaja. Chumba cha kwanza kikapata mabati yake mapana, yakatosha na kubaki vipande. Cha pili kikaanza kufunikwa na madogo, moja baada ya moja, na ile sauti ya nyundo sijawahi kusikia muziki kama huo.

Kisha madogo yakaisha. Kwa kuwa paa lilipaswa kuingia chini ya lile jingine, fundi alihitaji moja zaidi. Moja tu! Pale juu palibaki uwazi wa upana wa mtu, na kupitia uwazi ule mbingu ilikuwa nyeusi. Fedha hatukuwa nayo. Hata mkokoteni tulikuwa hatujaulipia.

Mume wangu akashuka ukutani, akaondoka bila kuaga. Nilidhani amekata tamaa, na nilikuwa naanza kukasirika, hapo nikamwona anarudi mbio na kibao chake cha kinyozi kichwani. Alikuwa amekichora mwenyewe, alipofungua kibanda, juu ya bati zima: kijana nadhifu aliyenyolewa vizuri, ila kwa sababu ya migongo ya bati, uso wake ulikuwa na mawimbi, na pua ilianguka bondeni. Wateja walimcheka miaka yote. Lakini migongo ilikuwa midogo.

"Na kazi?" nikamwuliza. "Watu watakujuaje?"

"Wanaonijua wananijua. Wasionijua wataona mkasi." Akampa fundi lile bati. "Picha iwe ndani, rangi isiharibiwe na maji."

Fundi akapigilia msumari wa mwisho huku matone ya kwanza yakimpiga mgongoni. Sote tukaingia ndani, yeye akiwa wa mwisho, na mvua ikamwagika.

Nyumba ya bati isiyo na dari, mvua kubwa ikinyesha, ni kelele tupu. Mtu anakuita na wewe unaona midomo ikicheza tu. Tulisimama katika chumba cha pili tukitazama juu, tukingoja kuona wapi patavuja. Kijana wa kwenye bati naye alitutazama na pua yake ya bondeni. Hapakuvuja. Mama Mdogo akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu, halafu akakigeuza na kukitazama. Kilikuwa kikavu.

Nilikuwa nimemchukua Kilo, mzito siku hizi kiasi cha kuniuma mkono. Nikamtazama yule mama, na ndipo nilipogundua kitu kilichonitia aibu. Tangu siku ile ya korido ya hospitali, nilikuwa nimemwambia samahani mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nimemwambia utuvumilie, nimemwambia mwezi ujao. Asante sikuwahi kuitamka. Kila nilipotaka kuisema niliona kama asante ya mdaiwa ni njia nyingine ya kuomba muda, nikaimeza. Sasa sikuwa naomba chochote.

"Asante, Mama Mdogo," nikasema.

Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

"Asante!"

Akatikisa kichwa tena, akaonyesha bati juu. Basi nikapandisha hasira zangu zote, zile za bei na za maduka na za kopo tupu, nikapiga kelele mpaka fundi akageuka na mume wangu akaacha kufuta mikono:

"Asante! Asante kwa huyu mtoto!"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyajali. Mama Mdogo akanisogelea, akamshika Kilo kisigino kama anavyopenda kumshika, akaleta mdomo wake karibu kabisa na sikio langu.

"Nimekusikia tangu ya kwanza," akasema. "Sema tena."