Heshima ya Shemeji

Msumari wa kutu ulitoboa soli ya Fundi alipokuwa akikata vyuma chakavu, ukazama unyayoni. Aliyeitwa kumpeleka zahanati ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, afuaye mashuka hotelini. Wote walimwita Dobi. Katika nchi ile ya watu Fundi alijua maneno matatu tu ya lugha yao: ndiyo, hapana na kesho.

Nesi aliosha kidonda, akauliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Fundi akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kovu begani kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mwambie nilichanjwa zote utotoni."

"Ana ugonjwa wowote unaopunguza kinga ya mwili?" aliuliza nesi.

Dobi alitafsiri akitazama sakafu. Alijua. Miaka mitatu nyuma dada yake alimnong'oneza kwenye simu, akamwapisha: mume wangu ana virusi, anameza dawa, na asijue kamwe kwamba nimekwambia. Tangu hapo Dobi alijifanya hamnazo kila alipokiona kikopo cha vidonge.

"Mwambie sina," alisema Fundi.

Neno moja lingetosha. Dobi akamgeukia nesi. "Hana."

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, tukajiona wenye hekima. Anayemfichia mwenzake je? Huyo tunamsifu kwa adabu. Wakaondoka na bandeji, bila sindano.

Siku ya nane taya lilikaza, hata kijiko hakikupita. Katika hospitali kubwa daktari alisema kovu lile ni la chanjo ya kifua kikuu, ya pepopunda haiachi alama. Kisha akauliza lile swali la ugonjwa.

"Ana virusi vya UKIMWI," alijibu Dobi, akarudia kwa lugha ya nyumbani ili Fundi asikie.

Daktari akashusha kalamu. Mtu wa namna hiyo, alisema, angedungwa sindano ya kinga siku ile ile, awe amechanjwa au la.

Fundi alimkodolea macho Dobi. "Ulijua?" alisema kupitia meno yaliyobana. "Hata pale kwa nesi?"

"Nilikuheshimu, shemeji."

"Bora ungenivunjia heshima."

Alikufa siku ya tatu ya kulazwa. Dobi alimpigia dada yake simu. Dada alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akauliza polepole:

"Lakini hakujua kwamba nilikwambia?"

"Hakujua, dada," alisema Dobi.