Tumia Mpangaji Akifariki

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, asubuhi, ndipo mambo ya Odera yalipoharibika. Si siku aliyokufa mkewe Celine. Hiyo ilikuwa Jumamosi, na kifo ni kifo, hakina ofisi ya kulalamikia. Jumanne ndiyo siku aliyowaambia wenye nyumba kwamba Celine amekufa.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya shirika la nyumba, kule nyuma ya mtaa wa Tena, na iliandikwa kwa jina la Celine kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya mshahara. Odera alikuwa mchomeleaji wa mageti mtaa wa Donholm, mtu aliyeishia darasa la tano. Zamani ungeenda kaunta ya ofisi umkute karani Khavere. Ukimwambia mpangaji amekufa, angekupa pole, kisha aulize, "Na nani amebaki kwa nyumba?" Ukimjibu anabadilisha jina, basi. Lakini wakubwa walimtoa Khavere kaunta, wakaweka namba ya simu. Ukiiandikia, mashine ndiyo inayojibu.

Odera akaandika kwamba Celine wa nyumba yao amefariki. Mashine ikasema pole sana, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mchungaji kanisani. Kabla hajaweka simu mfukoni, ikaandika: shughuli imekamilika. Odera akashukuru. Aliishukuru mashine! Hilo lilikuja kumchoma kuliko mengine yote.

Akasafirisha mwili hadi kwao Ugenya, akazika, akakaa huko mpaka matanga yakaisha, kama inavyopasa. Aliporudi alikuta kufuli jipya mlangoni, pazia la kijani dirishani, na mwanamke aitwaye Nzivo ameketi kizingitini akimenya viazi.

"Unatafuta nani, baba?"

"Natafuta kitanda changu."

"Vitu vya waliohama viko stoo ya shirika."

"Nani amehama?"

Nzivo akaacha kisu. "Mimi nimepewa hii nyumba. Nimengoja miaka mpaka watoto wamekuwa wakubwa kuliko kitanda. Ukitaka vita, nenda ofisini."

Akaenda. Ofisi iko mtaa wa Fedha, na mkubwa wa mitambo pale ni Wanyoike, kijana wa viatu vyeupe. Khavere naye siku hizi amewekwa pembeni, anapiga mihuri.

"Mzee, tulia kwanza," Wanyoike akasema.

"Nitulie wapi? Kwa nyumba gani?"

Wanyoike akageuza kompyuta ili mzee aone. Akaeleza kwamba mashine yenyewe haijui kitu. Imepewa zana, na kila zana imeandikiwa maelezo ya kuiambia inafanya nini na itumike lini. Zana moja inahamishia nyumba kwa jamaa aliyebaki. Nyingine inafunga nyumba tupu na kumpa anayefuata kwenye foleni. Chini ya ile ya kwanza palikuwa na mstari mmoja: Tumia mpangaji akifariki. Chini ya ile ya pili, maneno yale yale.

"Mbona zinafanana?"

"Tulisukumwa na haraka. Nilinakili. Lakini kila mtu hapa anajua tofauti yake."

"Kila mtu? Kwani mashine ni mtu wa hapa?"

Khavere akacheka kwa pua, bila kuinua macho.

"Zana ya kuhamisha inadai kitambulisho cha anayebaki," Wanyoike akasema. "Wewe hukutuma. Ikashika ile isiyodai kitu."

"Ingeniuliza!"

"Haikuandikiwa iulize."

"Na mnatoa mtu bila notisi?"

"Notisi ilitumwa."

"Kwa nani?"

Wanyoike akatazama kioo cha kompyuta, akajikuna shingo. "Kwa namba ya mpangaji."

"Mpangaji yuko kaburini Ugenya, wewe kijana. Ulitaka asome kwa tochi gani?"

Hapo hata Khavere hakucheka.

Wanyoike akasema amesharekebisha maelezo. Akasoma kwa sauti, karibu ajisifu: zana hii itumike tu ikiwa nyumba haina mtu, kwanza uliza nani amebaki, hatua hii haiwezi kutenguliwa.

"Umeandika vizuri," Odera akasema. "Umeandika vizuri juu ya kaburi la bibi yangu. Sasa nirudishie nyumba."

"Hakuna zana ya kurudisha, mzee. Hilo ni la bodi ya shirika. Bodi itakaa."

"Kukaa wanajua. Wana viti, na wana nyumba. Itakaa lini?"

Wanyoike akageuza kompyuta irudi kwake. Odera akamkamata mkono wa shati. "Basi twende ukamwambie yule mama mwenyewe, kwa mdomo wako." Wakapanda pikipiki moja, viatu vyeupe vikiburuta vumbi mpaka Tena.

Majirani walishajaa uani. Nzivo alisimama mlangoni, mikono kiunoni, watoto nyuma yake.

"Mimi sikuua mtu," akasema kabla hajaulizwa. "Nimeletewa ujumbe na shirika, nikapewa ufunguo na shirika. Sitoki."

"Mama, kulitokea kasoro ndogo..." Wanyoike akaanza.

"Ndogo?" Odera akamsukuma mbele mpaka akagusana na kizingiti. "Haya, mkubwa. Huyu mmempa nyumba, na mimi sijawahi kuihama. Hapo ndani hamna nafasi ya sote. Mbele ya hawa watu wote, sema wewe, au iulize hiyo mashine yako: nani kati yetu analala nje leo?"