Mzinga wa Kumi na Mbili

Tovuti ya Koleta Masolwa ilikuwa na kazi sita: kikokotoo, utabiri wa hali ya hewa, duka la viatu ambalo halikuwahi kuuza kiatu hata kimoja, na nyingine tatu za namna hiyo. Zote alizijenga kwa kufuata masomo ya video hatua kwa hatua, na karibu kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta darasani kwake alikuwa na kikokotoo kama chake. Juu kabisa aliweka picha yake akiwa amevaa koti la kuazima.

Alikuwa likizo kabla ya kuingia mwaka wa mwisho, anakaa kwa shangazi yake Flavia, Cheyo, Tabora mjini. Kampuni moja ndogo ya kutengeneza mifumo ya kompyuta, yenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, ilikuwa imetangaza nafasi moja ya mafunzo kwa vitendo. Tangazo halikuuliza alama za chuoni. Liliomba tovuti inayoonyesha kazi za mwombaji, basi, na mwisho wa kutuma ulikuwa wiki tano mbele.

Ngassa, kijana wa Nzega aliyekuwa akisoma naye chuoni, alimshauri kwa simu aongeze kazi. Tovuti yake mwenyewe ilikuwa na kumi na nne. Alisema wasaili hawana muda wa kusoma, wanatazama wingi. Koleta hakubishana naye. Lakini mchana ule alifungua tovuti yake na kwa kila kazi akajiuliza ni nani anayeitumia. Jibu lilikuwa lile lile mara sita. Akazifuta zote, na ile picha ya koti akaiondoa. Ukurasa ukabaki mweupe, naye akashangaa kuona hana hofu. Alijua anaweza kujenga kitu. Kilichokosekana ni mtu wa kumjengea.

Wiki hiyo alikwenda kijijini Ipole kuwasalimia wazazi. Baba yake, mzee Masolwa, ni mfugaji wa nyuki, na mizinga yake ameitundika msituni, mbali na nyumbani. Yeye na wenzake watatu walikuwa wamekubaliana kwamba anayepita upande wa mwenzake amkagulie mizinga. Makubaliano yalikuwa mazuri, ila habari hazikufika. Siku ile Koleta alimkuta baba yake amekaa kibarazani, amechoka, baiskeli imeegemea ukuta. Alikuwa ametoka kuendesha tangu alfajiri kwenda kuangalia mzinga ambao Josepha, mmoja wa wale wenzake, alikwishaukagua siku tatu nyuma. Wakati huo huo kulikuwa na mingine ambayo hakuna aliyeiona tangu mvua zikatike.

Koleta alimsalimia, akamletea maji, kisha akaanza kumuuliza maswali. Aliuliza jioni nzima. Nani anakwenda wapi, wanatumia simu za aina gani, mtandao unashika wapi. Kesho yake akamfuata Josepha shambani akamuuliza yale yale. Wote wanne walikuwa na simu ndogo za kitochi, zisizofungua intaneti, na wote walijua kuandika ujumbe mfupi.

Aliporudi Cheyo alianza kujenga. Mfugaji angetuma ujumbe kwenye namba moja akitaja jina la mwenye mzinga, namba ya mzinga na hali aliyoikuta. Na yeyote miongoni mwao angeweza kuuliza akajibiwa mzinga fulani umekaguliwa lini na nani. Simu ya zamani ya shangazi, iliyopasuka kioo, ndiyo iliyopokea ujumbe na kuupeleka kwenye mfumo. Kwa majaribio, kila mfugaji alichagua mizinga kumi akaipa namba.

Majaribio ya kwanza yalikwenda vibaya. Koleta alikuwa amewapa karatasi yenye mpangilio: jina, nafasi, namba, nafasi, neno moja la hali. Josepha aliufuata kwa siku mbili, kisha akachoka. Mzee Masolwa hakuufuata kabisa. Aliandika kwamba mzinga wake wa nne una nyuki wakali na ameuacha kwanza, na mfumo ukamjibu kuwa amekosea. Koleta akapanda gari kurudi Ipole, akakaa naye akamwelekeza upya, taratibu, akimwonyesha kwa kidole.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikikuandikia wewe, unanielewa. Basi na huyo mfundishe anielewe."

Koleta alipiga hesabu ya siku. Alichokuwa akiombwa ni kazi ya wiki nzima kuandikwa upya, na wiki zilizobaki zilikuwa mbili. Alimjibu baba yake kwamba atajaribu, kwa sauti ambayo haikuficha kwamba ameudhika. Lakini kabla gari la kurudi Tabora halijafika Sikonge alikuwa ametoa daftari na kuanza kuorodhesha namna zote ambazo mtu wa Ipole anaweza kusema kwamba mzinga una nyuki.

Mfumo mpya ulielewa sentensi. Ulielewa namba zilizoandikwa kwa tarakimu na zilizoandikwa kwa maneno. Katika siku nane za mwisho za majaribio wafugaji wanne walituma ujumbe sitini na tatu, na hakuna aliyekwenda mara mbili pasipo sababu.

Hapo ndipo alipoijenga tovuti, kwa siku mbili tu. Aliweka kazi moja. Aliandika tatizo lilikuwa nini, akataja kwa majina wafugaji wanne waliomruhusu, akaweka namba ambayo mgeni angeweza kuijaribu. Mwisho akaweka sehemu aliyoiita Yaliyonishinda, akaeleza humo habari ya karatasi yake ya mpangilio na ilivyokataliwa na baba yake. Shangazi Flavia, ambaye ni fundi cherehani, aliisoma yote kwenye simu yake, akauliza ni nani anayekwenda kuomba kazi akitangaza makosa yake. Koleta akamwambia anataka wajue kwamba ameyaona.

Aliitwa kwenye usaili siku ya Jumatano.

Mwenye kampuni aliitwa Bi Najiat, mama wa makamo, mzaliwa wa Kanyenye, hapo hapo mjini, anayesema polepole na kumtazama mtu usoni. Koleta alimpa shikamoo, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti. Tovuti yake ilikuwa tayari imefunguliwa kwenye kompyuta ya mezani. Bi Najiat alimuuliza maswali machache kuhusu Ipole, kisha akachukua simu yake, akaandika ujumbe kwenye ile namba ya majaribio, akautuma, akaiweka simu mbele ya Koleta ausome. Ujumbe ulisema kwamba mzinga wa kumi na mbili wa Masolwa umeingia nyuki.

Jibu lilirudi baada ya sekunde chache. Mfumo ulishukuru na kusema taarifa ya mzinga namba kumi imepokelewa.

Koleta aliinamia simu. Alilisoma jibu tena. Alielewa papo hapo kilichotokea: kwa kuwa kila mfugaji alijaribu mizinga kumi tu, hakuna aliyewahi kuandika namba inayozidi hapo, na mfumo ulipofika kwenye neno kumi uliridhika ukaacha kusoma.

"Umekosea," alisema Bi Najiat.

"Ndiyo, mfumo umekosea," Koleta alijibu. "Na ni kosa baya kuliko kukataa. Ungekataa, mtu angejua arudie. Huu umeandika uongo na kushukuru juu yake."

Bi Najiat aliuliza angefanya nini. Koleta akasema, kama mama ana nusu saa, angelirekebisha hapo hapo. Alitoa kompyuta yake, akaiweka mezani pembeni ya chupa ya chai, akaanza. Mistari yote aliiandika mwenyewe, kwa hiyo alijua mlango wa kuingilia. Aliufundisha mfumo kusoma namba mpaka mwisho wake. Kisha akaongeza jambo ambalo alilifikiria akiwa kwenye kile kiti: kabla ya kuhifadhi taarifa, mfumo uirudie namba kwa mtumaji na kumwomba athibitishe.

Dakika ishirini na tano zilipita. Bi Najiat alituma ujumbe wa kumi na mbili, akatuma wa thelathini na tisa, akatuma wa mia moja na moja akiwa na tabasamu la uchokozi. Namba zote zikarudi sawasawa. Koleta akaomba dakika mbili zaidi, na katika sehemu ya Yaliyonishinda akaongeza aya fupi yenye tarehe ya siku ile.

Bi Najiat aliisoma aya ile, akafunga ukurasa. Alisema amepokea tovuti nyingi mwezi huo, na kwa nyingi hakupata la kujaribu. Akamwambia aanze Jumatatu.

Jioni Koleta aliwapigia simu wale wanne, mmoja mmoja, kuwaeleza kuhusu swali jipya la kuthibitisha. Josepha alifurahi. Mzee Masolwa alisema hapendi kuulizwa mara mbili jambo alilokwisha kulisema, ila kwa ajili yake atavumilia. Ngassa naye alipiga; alikuwa amepata nafasi Dar es Salaam kwa zile kazi zake kumi na nne, na Koleta akampongeza kwa moyo mmoja.

Jumatatu alifika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Bi Najiat alimkuta ngazini. Akamwambia asipande kwanza, kwa sababu kuna kikundi cha akina mama wa Ulyankulu wanaokausha mboga, wamefika mjini na wana shida wanayotaka kuieleza. Walikuwa wameketi chini, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, watatu, na mizigo yao pembeni. Koleta akawaamkia, akavuta ndoo tupu ya rangi akaigeuza, akakaa, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.