Futi Iliyokataa Kupima Magauni

Usiku wa kuamkia leo nimeota futi yangu ya ushonaji imenishuka shingoni na kugoma kazi.

"Fundi Shekiondo," inaniambia, "leo sipimi magauni. Nina watoto wa dunia nzima wananisubiri."

Hapohapo namba zake zinapukutika sakafuni kama punje za mtama, zinabaki rangi tatu tu: nyekundu, njano na kijani. Naziokota zile namba natia mfukoni. Ni za kazi, siwezi kuziacha.

Kuinua kichwa, kibaraza changu cha Korogwe kimekuwa ukumbi usio na mwisho. Watoto wako kwenye foleni, na kando ya kila mtoto umesimama umri wake. Wa mbele kabisa ni mtoto mmoja laini, hana kitovu.

"Wewe mtoto wa nani?" namuuliza.

"Sina wenyewe. Mimi ndiye kiwango. Hawa wote wanalinganishwa na mimi."

"Unakula nini mpaka ukanawiri hivyo?"

"Sili. Nimechorwa tu kwenye kadi ya kliniki." Akanisogelea. "Hivi, baba, uji una ladha gani?"

Nikamweleza, na habari za karanga nikatia. Alisikiliza kwa makini, maskini.

Ikafika zamu ya binti yangu, Hidaya. Umri wake, miaka miwili, ulikuwa pande la mtu. Ukainama kumtazama.

"Namsubiri huyu siku nyingi," ukasema. "Hajanifikia."

"Ndivyo tulivyo kwetu," nikajibu harakaharaka. "Kachukua mwili wa bibi yake."

Huko nyuma ya foleni nikasikia sauti ya marehemu mama yangu. "Mie? Mie nilikuwa bonge la mtoto! Usinisingizie, we Shekiondo!"

Watu wakacheka. Futi haikucheka. Ilichukua chaki, ikatia alama kwenye mkono wa kushoto wa Hidaya, katikati ya bega na kiwiko, kisha ikajizungusha hapo taratibu. Ikasimama kwenye njano.

"Njano ndiyo nini?"

"Kijani katoka, nyekundu ya utapiamlo hajaingia. Bado anawahika."

Mimi nikatoa pini. "Basi ngoja nipunguze hapa pembeni, itakaa sawa."

"Fundi," ikasema futi, "gauni la mtoto huyu umeshalibana mara mbili. Nguo ndiyo iliyokuwa kubwa?"

Wallahi moyo uliniuma. Nikatia mkono mfukoni nirudishe zile namba, mfuko mtupu. Nikaamka.

Kumekucha. Mke wangu anamwogesha mtoto uani.

"Baba Hidaya! Hebu njoo. Mbona mtoto umemchora?"

Nikaenda kuangalia. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kistari cha chaki ya njano. Nikarudi ndani nikafungua kopo langu la chaki. Kuna nyeupe, na kipande cha buluu. Ya njano sijanunua tangu nianze ufundi.

"Jitande kanga, Mama Hidaya. Leo sifungui, tunampeleka kliniki akapimwe."

Akanitazama, akaona sitanii. Akamvisha mtoto gauni.

"Limeanza kumpwaya tena," akasema. "Hutalibana kidogo kwanza?"

"Liache lipwaye," nikamwambia. "Nataka walione."