Ukanda wa Kidole Kimoja

Darasa zima la Fizikia ya Awali linaniita mama, isipokuwa mtu mmoja tu: binti niliyemzaa mwenyewe. Yeye ananiita "mwenzangu". Ndiyo makubaliano yetu. Siku tuliyogundua kwamba ratiba ya chuo imetuweka somo moja, chumba kimoja, alikaa kitandani akashika tama kama aliyefiwa.

"Nakuomba," akasema. "Usiniite mwanangu mbele za watu. Na usiniletee chakula darasani."

Nikakubali. Chakula nilipeleka mara moja tu, na nilikificha vizuri.

Sikwenda chuoni kumfuata yeye, ingawa najua alidhani hivyo. Mimi ni mhudumu wa wodi. Miaka mingi nimesukuma vitanda vya wagonjwa mpaka mlango wa chumba cha eksirei, na safari yangu huishia hapo. Mlango unafungwa, taa nyekundu inawaka, mimi nabaki nje nimekumbatia shuka. Baadaye wanatoka na picha ya mfupa wa mtu aliye hai, anayepumua, na kila mara nashangaa upya. Nikataka na mimi kuwa upande wa pili wa ule mlango. Chuo kikasema sawa, lakini kwanza ufaulu fizikia. Mwaka jana nikafeli. Kurudia kunaruhusiwa mara moja tu, kwa hiyo mwaka huu ilikuwa nifaulu au nirudi kwenye shuka zangu moja kwa moja.

Mwalimu wetu tulimpachika jina la Bwana Kwa Nini. Ni mtu mwembamba, mpole, viwiko vya shati lake vina vumbi la chaki siku zote, na hajawahi kupewa jibu akaridhika. Ukisema kitu kitaanguka, atauliza kwa nini. Ukimwambia ni kwa sababu ya uzito, atauliza kwa nini tena, kwa upole uleule unaoudhi. Mwaka jana nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimekariri kanuni zake zote, nazijua kama namba ya simu ya dada yangu, na bado alinirudishia karatasi ina sifuri na maneno mawili ya wino mwekundu. Unayajua ni maneno gani. Mwaka huu chuki ilikuwa imepungua kidogo, maana nilikuwa sina muda nayo.

"Mtihani wangu wa vitendo sisahihishi mimi," alituambia siku ya kwanza. "Anasahihisha gololi."

Tukacheka. Hakucheka.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Juu ya meza kuna mfereji mwembamba wa bati uliopindwa, unaanzia juu na kuteremka hadi usawa wa meza. Unaachia gololi ya chuma kutoka juu, inabingirika, inafika ukingo wa meza, inaruka, inaanguka sakafuni. Sakafuni pana karatasi nyeupe, na juu yake karatasi ya kaboni, kwa hiyo pale inapoangukia inaacha nukta nyeusi. Kabla ya kuachia unapima kimo cha meza na kimo cha mfereji, unahesabu, kisha unachora kwenye ile karatasi nyeupe ukanda ambamo unategemea nukta itaangukia. Upana wa ukanda unachagua mwenyewe.

"Ukanda wa kidole kimoja, alama zote," alisema. "Wa kiganja, nusu. Mkichora mpana kama mkeka, nitawapa alama za kufutia machozi. Nukta ikiangukia nje, sifuri, na hatuachii mara ya pili. Nataka kujua mnategemea nini, na mnakitegemea kwa kiasi gani."

Tulifanya wawili wawili, na wawili hao walipatikana kwa kura. Mwalimu alipitisha kopo la maziwa lenye vikaratasi. Nilichomoa changu, binti yangu akachomoa chake, tukatazamana. Namba ileile. Alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Mimi nikajitia kukohoa ili nisicheke.

Ila mambo yenyewe hayakuwa ya kucheka. Majaribio yaliyotangulia yalikuwa yameniacha mahali pabaya, na nusu ya alama za gololi isingenivusha. Yeye nusu ingemtosha na kubaki. Alikuwa wa kwanza darasani, anasubiri kuchaguliwa kwenda kusoma uhandisi, na kitu pekee ambacho kingemwondoa kwenye hesabu hiyo ni sifuri. Kwa hiyo tulikuwa mezani pamoja, mmoja anahitaji ukanda mwembamba, mwingine anahitaji ukanda salama. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Tuliandaa hesabu nyumbani, kwenye meza ya jikoni, tukabakiza kujaza vipimo. Mimi nilikuwa na kanuni yangu: kimo chote cha mfereji kinageuka mwendo, mwendo unaipeleka gololi mbali, basi.

"Lakini inabingirika," akasema. "Inazunguka."

"Hata mimi nikipanda ngazi za wodi kichwa huzunguka. Andika."

"Sidhani kama tunaweza kuuacha huo mzunguko..."

"Andika, mwanangu."

Akaandika. Nyumbani neno la mwisho huwa langu, na mazoea hayaendi likizo. Nililiona tu lile domo lililovutwa upande, nikajifanya sikuliona.

Siku ya mtihani meza zilipangwa kando ya madirisha, kila jozi na mfereji wake, kila mfereji na kimo chake. Wa kwanza alikuwa kijana tunayemwita Profesa, ambaye huja darasani na tai. Yeye na mwenzake walichora ukanda mwembamba kuliko hata kidole. Mwalimu akaachia gololi. Ikateremka kwa mlio mtamu, ikaruka, ta! Mwalimu akafunua karatasi ya kaboni. Nukta ilikuwa imeanguka karibu mno na meza, pungufu ya ukanda wao kwa upana wa kiganja na zaidi. Profesa alilegeza tai.

Jozi ya pili wakachora mpana zaidi. Nukta ikapungua vilevile, ikawa nje. Jozi ya tatu walikuwa wajanja: wakauvuta ukanda wao nyuma kabisa kuelekea meza.

"Kwa nini mmeuvuta?" Mwalimu akauliza.

"Tumeona za wenzetu zinapungua, mwalimu."

"Gololi yenu haijawaona wenzenu."

Akaachia. Walikuwa wamevuta kupita kiasi, safari hii nukta ikazidi. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, kwa sababu namba yangu ilikuwa inatoka kwenye kanuni ileile ya Profesa, na nilijua gololi yetu nayo ingepungua. Ningeweza kuvuta nyuma na mimi. Lakini kwa kiasi gani, na kwa nini? Nilijisikia nikiuliza swali la yule mtu kwa sauti yake mwenyewe, nikaudhika.

"Mwalimu, naruhusiwa kuishika gololi yetu?"

"Ishike."

Kwa kuwa ilishajaribiwa asubuhi, ilikuwa na doa dogo jeusi la kaboni. Niliiweka mezani nikaisukuma kwa kidole. Doa likapanda juu, likazama chini, likapanda tena. Nikaisukuma tena, taratibu, nimeinamisha uso hadi pua iko karibu kugusa meza. Maisha yangu yote nimesukuma vitanda vya magurudumu. Nimeona vitu vikizunguka tangu nilipopata akili. Sijawahi hata siku moja kujiuliza kule kuzunguka kunatoka wapi.

Kunatoka kwenye kimo. Hakuna kwingine kwa kutoka. Gololi inapewa fungu moja tu pale juu ya mfereji, na wakati inateremka inaligawa: sehemu ya kwenda mbele, sehemu ya kuzunguka. Ilichokitoa kwa kuzunguka haina tena cha kwendea. Ndiyo maana inafika ukingoni pole kuliko tulivyoandika, na ndiyo maana inaanguka karibu. Profesa alikuwa ameihesabu gololi inayoteleza kama sabuni. Na mimi pia.

Nywele zilinisimama. Sitii chumvi. Nilikuwa nimesimama mbele ya kichuma kidogo kinacholingana na zabibu, na kilikuwa kinafanya hesabu ya kugawanya, sahihi, bila kuhema, na kimekuwa kikifanya hivyo tangu dunia iumbwe bila kungoja niifahamu.

Nikamgeukia binti yangu. "Inazunguka," nikasema.

"Eti?" akasema taratibu. "Nani alikuambia, mwenzangu?"

Nilistahili. Tukakaa, tukahesabu upya, kichwa kwa kichwa, penseli moja tunanyang'anyana. Yeye alijua namna ya kuupima mzunguko, mimi nilimlazimisha anieleze kila mstari mpaka nielewe, naye hakuchoka. Ikatoka kwamba katika kila sehemu saba za lile fungu, mbili zinakwenda kwenye kuzunguka na tano kwenye mwendo. Nikamuuliza, ikiwa gololi kubwa zaidi je? Ni hivyohivyo. Ya mbao? Hivyohivyo. Kubwa kama nyumba? Maadamu ni mviringo na imejaa ndani, mbili na tano, mama, hata iwe kubwa kama mwezi.

Hakujisikia alivyoniita. Au labda alijisikia. Sikumwuliza.

Zamu yetu ikafika. Nikateremsha timazi, uzi wenye kizito nchani, kutoka ukingo wa meza kupata mahali pa kuanzia kupima, nikavuta rula sakafuni, nikaweka alama ya katikati. Kisha nikashika penseli kuchora ukanda. Mkono wangu ukachora kiganja. Sikuwa nimekusudia kuanza hivyo, lakini nilipoanza niliendelea. Nilikuwa nimemwona Profesa akilegeza tai, na mtoto wangu hakuwa na haja ya kuvaa sura ile kwa ajili yangu.

Akapiga magoti kando yangu. "Unafanya nini?" akanong'ona.

"Kiganja kinatosha."

"Kinamtosha nani?"

"Mimi wodi nimeizoea. Simama, watu wanatutazama."

Hakusimama. Alitoa ufutio mfukoni akafuta mistari yangu yote miwili, akapuliza vumbi lake.

"Mama," akasema, safari hii kwa sauti yake ya kawaida, kila mtu akisikia. "Tumehesabu, hatujahesabu?"

"Tumehesabu."

"Unaielewa hesabu au umeikariri?"

"Naielewa."

"Sasa tunaogopa nini?"

Darasa zima linaniita mama, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Nilibaki nimepiga magoti pale sakafuni, namtazama akiweka kidole chake cha shahada juu ya karatasi na kuchora mstari upande huu na upande ule. Ukanda wa kidole kimoja. Tena kidole chake, ambacho ni chembamba kuliko changu.

Bwana Kwa Nini akaja, akainama. "Kidole kimoja," akasema. "Kwa nini?"

Binti yangu akanisukumia zamu kwa kiwiko. Nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno na kwa mikono, nikamwonyesha lile doa, nikagawa lile fungu mbele yake, mbili huku na tano huku. Nilipomaliza nilingoja aniulize tena kwa nini. Hakuniuliza. Alikwenda mezani akaishika gololi.

Nilimshika binti yangu mkono, naye hakuuvuta. Gololi ikateremka, mlio uleule mtamu, ikafika ukingoni, na kwa kitambo kidogo haikuwa mezani wala sakafuni, haikuwa mikononi mwa mtu yeyote. Ta!

Mwalimu akaifunua kaboni. Nukta ilikuwa ndani. Haikuwa katikati kabisa. Ilisogea kidogo upande wa meza, lakini ilikuwa ndani, nyeusi, ndogo, imetulia kama imekuwapo siku zote. Darasa likapiga kelele. Profesa mwenyewe alipiga makofi. Binti yangu alinirukia shingoni, tukapepesuka hadi dirishani, na nadhani mwalimu alitaja alama lakini mimi sikuzisikia. Nilikuwa naitazama ile nukta.

Kazini kwangu hakuna kitu kinachotegemeka. Mgonjwa anakutania asubuhi, mchana unakunja shuka zake. Mwingine umeshamwombea safari njema, kesho yake anadai uji. Nilikuwa nimeamini kwamba dunia ndivyo ilivyo, inafanya inavyotaka, na wa kushangaa ni sisi. Na hapa, kwenye chumba hiki chenye vumbi la chaki, sisi wawili tulikuwa tumesema kwa penseli "itafika hapa", kabla haijafika, na ikafika.

"Mwalimu," nikasema. "Achia tena."

"Alama umeshapata, mama. Zote."

"Nimesikia. Achia tena."

Akaachia. Nukta ya pili ikaangukia kando ya ya kwanza, zimegusana. Akaachia tena, ya tatu ikaangukia juu ya hizo mbili. Wanafunzi walikuwa wameacha kelele sasa, wamesogea, wamezunguka karatasi yetu.

"Mama, twende," binti yangu akaninong'oneza. "Wenzetu wanangoja zamu."

"Mara moja tu, mwalimu. Ya mwisho."

Alikuwa ameshaishika gololi juu ya mfereji. Akanitazama, na nikaona anatabasamu, kitu ambacho sikuwahi kukiona mwaka huu wala mwaka jana.

"Kwa nini?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza swali hilo halikunitia aibu. "Basi tu," nikasema. "Nataka kuiona."

Akaiachia.