Shingo ya Mama Mkwe

Kila asubuhi, chai ikishatokota, Redempta alipasha mafuta ya nazi kidogo akamkanda mama mkwe wake shingo. Mama Adventina alikuwa amebeba mihogo kichwani tangu usichana wake, huko Kisarawe, na sasa shingo ilikuwa ikimdai. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka mkono wa kulia. Mdomo ukaenda upande. Alitaka kusema kitu, maneno yakagoma. Kabla jirani hajavuka uzio, mkono ulisharudi hali yake, na Mama akauliza nani kamwaga chai.

Wifi yake Redempta, Margareta, alipigiwa simu nyumbani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege. Hakuuliza mama anaendeleaje.

"Umemkanda mpaka umemharibu mshipa," alisema.

Alilirudia hilo mbele ya shangazi, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, na sasa kwenye benchi la hospitali Kibaha, kwa sauti ya kulitosha benchi zima. "Wenzetu wanaletewa wake. Sisi tumeletewa mkandaji wa watu."

"Samahani, wifi," Redempta alijibu, kama alivyojibu kila mara.

Kwenye chumba cha vipimo, mpimaji aliyeitwa Faustine alimpaka Mama jeli shingoni.

"Shikamoo, Mama. Ina baridi kidogo."

"Marahaba. Umeitoa kwenye friji ya soda?"

Mashine ikaanza kutoa sauti ya damu ikipita, fyu, fyu, rangi nyekundu ikicheza kwenye kioo. Upande wa kushoto sauti ikawa kali, kama mluzi.

"Hapa njia ni finyu, ndiyo maana damu inakimbia," Faustine alisema. "Huu ndio mshipa unaopeleka damu kichwani, na mafuta yameganda ndani yake. Ni mambo ya miaka mingi, presha na sukari. Hayaletwi na kukandwa. Ila kuanzia leo shingo isiguswe, kipande kisije kikabanduka kikaenda kwenye ubongo."

"Umesikia?" Margareta alimgeukia Redempta. "Isiguswe."

Yale ya kwanza, kwamba hayaletwi na kukandwa, Margareta hakuyasikia hata kidogo.

"Kabla ya siku ile ya kikombe kulikuwa na dalili?" Faustine aliuliza. "Jicho kuzimika, mkono kufa ganzi? Daktari lazima ajue. Hali ile ikirudi, inaweza isipite tena."

Mama alitazama dari. Margareta alitafuta kitu kwenye mkoba.

"Hakuna," Margareta alisema.

"Ipo," Redempta alisema. "Wifi, nilikuwa nakuomba samahani kwa sababu naona aibu kukujibu, siyo kwa sababu nimekosa. Sikukuu ya Pasaka, mezani kwako, Mama alikwambia jicho la kushoto limeshukiwa na pazia. Ukacheka, ukamwambia aache uzee. Kaka Faustine, andika hilo. Andika pia kwamba mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Leo sinyamazi."